Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Saa nne usiku, Newala, ukungu umeshuka mpaka dirishani,
na kompyuta ya chama imeandika mstari mmoja,
mweupe juu ya weusi:
hakuna kifaa cha kuwashia.
Kisha kimya. Alama ndogo inapepesa
kama mtu aliyetaka kusema, akaghairi.

Ni mimi niliyeifuta Windows. Simsingizii mtu.
Ilikuwa ya magendo, nzito, kila asubuhi inadai leseni
kama askari wa barabarani. Nikasema basi.
Nikaweka Linux kwa flashi ya mwanangu,
nikaona "tayari", nikazima, nikaenda kuchemsha ming'oko.

Kesho alfajiri wanakuja na magunia ya korosho.
Stakabadhi mia mbili na kumi na tatu zimo humu.
Nakala ninayo, sikuwa mjinga kiasi hicho,
lakini nakala bila mashine ni ufunguo bila mlango.

Nachomoa betri, narudisha. Nachomoa chaji.
Nabonyeza F2, F12, Del, zote,
kama anayepiga hodi mtaa mzima.
Somoe kwenye simu: "Umejaribu kuigonga ubavuni?"
Hiyo redio, Somoe.

Karibu na saa sita ukurasa wa bluu ukafunguka. Orodha.
Na juu kabisa, nambari moja,
jina la yule niliyemfukuza.
Nyumba nimebomoa, nimejenga nyingine,
na mashine kila ikiamka inakwenda palepale,
inabisha mlango usiokuwepo,
inarudi kuniambia hakuna mtu.

Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.
Mwezi wa tano tulimzika karani Mkwemba,
na wanachama wakifika kwenye mizani bado wanaita,
"Mkwemba, kilo ngapi?"
nami nimesimama palepale, kalamu mkononi.

Linux ilikuwa ya nne,
chini ya flashi, chini ya mtandao ambao hatuna.
Nikaipandisha, hatua kwa hatua.
Palikuwa na mlinzi pia, anadai mhuri; nikampumzisha.
F10. Ndiyo.

Giza. Feni ikapiga chafya.
Halafu maandishi, mengi, yanakimbia
kama siafu waliomwagiwa maji,
na mwisho wake kidirisha kinaniuliza jina.

Nikaandika: siwema.
Kwa herufi ndogo. Kubwa haikubali.