Ufa wa Vidole Viwili

Orrin ameondoka alfajiri kwenda Phoenix
kuuliza bei ya kiyoyozi kipya.
"Hiki kimezeeka," alisema, akiigonga dari kwa ngumi
kama anayebisha mlango wa mdeni.
Sikumjibu. Mimi nimezeeka pia,
na hakuna aliyenipeleka dukani kubadilishwa.

Quartzsite, Juni. Changarawe inachemka.
Majirani wa msimu wa baridi walishaburuta trela zao kaskazini;
tumebaki sisi, na Tranquilino na kuku wake wawili,
na jua, ambalo halina adabu ya kupiga hodi.

Nimepanda kigoda na bisibisi ya jikoni.
Skrubu nne. Kifuniko kikaja na vumbi la miaka tisa
na manyoya ya mbwa tuliyemzika Nevada.
Nikamulika tochi:
hapo, kati ya mdomo unaovuta na mdomo unaopuliza,
ufa. Vidole viwili vinapita.
Aliyekata dari kiwandani alikuwa na haraka, labda ilikuwa Ijumaa jioni,
akaacha kipande cha ubao
kimelala mferejini kama mlevi.

Basi miaka yote hiyo baridi ilizaliwa na kumezwa papo hapo.
Mashine ikinywa pumzi yake yenyewe,
ikitetemeka, ikishiba, ikidhani imefanya kazi,
na sisi chumbani nyuma na mataulo yaliyolowa vifuani,
tukilaumiana kwa mambo mengine kabisa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa;
lakini nani ajenge ukuta kwenye nyumba yenye magurudumu?
Nikaziba. Utepe wa foili, safu tatu,
nikiukandamiza kwa mgongo wa kijiko hadi kona zikakubali.
Kijibati nilikikata kwenye trei ya mkate.
Kichujio nikakiosha ndooni, maji yakawa chai.
Tundu la paa la bafuni nikalishindilia mto wa kochi.
Tranquilino akapita na kuku kwapani, akachungulia:
"Mkono wako unatoka damu, Marlys."
Akaenda zake.

Saa nane mchana nikakiwasha.
Kipimajoto cha nyama, kile cha bata mzinga wa Novemba,
nikakipeleka huku na huku:
hewa inayoingia, themanini na nane;
inayotoka chumbani, sitini na saba.
Nikakaa sakafuni nikitazama pazia
likisogea. Pazia lile halijawahi kusogea tangu tulinunue.

Orrin alirudi jua likiegemea milima,
shati limemganda mgongoni, risiti mfukoni:
arubuni, hairudishwi.
Akafungua mlango. Akasimama pale pale,
mguu mmoja ndani, mmoja kwenye ngazi.
"Funga mlango," nikamwambia, "unamwaga baridi."

Hakuuliza neno. Akapita taratibu hadi nyuma,
nikasikia kabati likifunguka,
na blanketi, lile la Montana,
likikung'utwa.