Mnara Mmoja, Billingham

Kabla ya mnara tulikuwa na vyombo tisa.
Nilivihesabu siku ya kwanza, Januari, ukungu wa mto Tees
umelala juu ya mabomba kama nguo iliyosahaulika kambani.
Tangi la kuchanganya. Tangi la kungojea.
Kisha minara ya kutenganisha kile tulichokwisha kukichanganya,
kila mnara na pampu yake, kila pampu na uvujaji wake.
Stobbs, mlinzi wa zamu ya usiku kwa miaka ishirini na sita,
aliiita pampu ya saba Doreen, jina la dada yake,
kwa kuwa, alisema, hainyamazi hata ukiizima.

Tulioza asidi ya siki kwa methanoli.
Zikazaa kitu chenye harufu ya rangi ya kucha, na maji.
Tatizo lilikuwa hilo: mtoto akizaliwa anabaki chumbani,
anawatazama wazazi,
nao wanaona haya, wanaacha.

Nusu ya mali ikawa si mali.
Ikasukumwa chombo cha pili, ikaoshwa kwa kiyeyushi,
kiyeyushi nacho kikaoshwa,
ikapashwa moto, ikapozwa, ikapashwa tena.
Na kila Alhamisi lori la Ditta lilikuja kubeba mapipa
ya kile ambacho hakuna aliyetaka kukipa jina.
Mimi nilikitilia sahihi.

Nina shahada mbili. Jibu sikulitoa huko.
Nililitoa Same, nyuma ya banda la mbuzi,
mama mdogo Nakiete akipika gongo,
chungu kimoja, mrija mmoja wa shaba,
sikio moja kwa moto na jingine kwa polisi.
Hakuwa na tangi la kungojea.
Hakuwa na nafasi ya kungojea.
“Kilichoiva kitoke,” alisema,
“kisikae kikawaharibia wenzake.”
Sikumtaja kwenye ripoti.

Basi nikachora mnara mmoja, mrefu, mwembamba.
Asidi iingie juu, ishuke sahani kwa sahani.
Methanoli iingie chini, ipande.
Zikutane katikati, kichocheo kikiwa mshenga,
na kila tone likizaliwa lipae papo hapo
kabla halijajua kutazama watu.
Maji yatokee mlango wa chini.

Tuliuwasha usiku, mwezi wa tatu, mvua ya kuchoma masikio.
Stobbs akauzunguka mara mbili.
“Vile vingine viko wapi?”
“Vimo humo.”
Akaugonga kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemjua.

Lori likaanza kuja mara moja kwa mwezi,
kisha halikuja.
Ditta akapiga simu kuuliza kama ametukosea.

Nilipofuta chombo kwenye mchoro, raba ilikuwa laini.
Sikuona kwamba chini ya kila duara kuna kiti,
na mgongoni mwa kiti koti,
na mfukoni mwa koti risiti ya viatu vya shule.
Watu kumi na mmoja wa zamu, leo wanne.
Ripoti yangu ilikuwa na safu ya malighafi,
safu ya mvuke, safu ya chuma.
Safu zote zilishuka, nikapigiwa makofi, nikakata keki.

Majuzi nilimtembelea Stobbs, Haverton Hill.
Anafuga njiwa wa mashindano.
Kwenye mlango wa banda amepigilia misumari
gurudumu la valvu ya Doreen, rangi nyekundu imebanduka.
Nikauliza: amenyamaza?
Akamimina chai, akaangalia njiwa.
“Mto ni safi sasa,” akasema. “Hilo nakupa.”
Hakusema kingine.

Wakati wa kuondoka nililishika lile gurudumu,
nikalizungusha mzunguko mzima, kushoto, kama nilivyofundishwa.
Lilizunguka vizuri. Alikuwa amelipaka grisi.
Halikufungua kitu.