Nani Ayakinga?

Nimerudi Langoni, matope ya Uganda
yameganda bado kwenye kisigino cha kiatu.
Nikamweleza Mama: gari tulilokodi Mbale,
breki zikinuka moshi, kona juu ya kona,
hata maporomoko ya Sipi yakatokea,
maji yakijitupa toka jabalini
kama yamechoka kuwa maji.
Nikamwonyesha na Bunyonyi simuni,
ziwa limelala baina ya vilima
mfano wa mtoto kwenye mikunjo ya leso.

Mama akaisogeza simu karibu na miwani.
"Usiku pia yaanguka?"
"Naam."
"Na nani ayakinga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akafunua mtungi, akapima kata moja:
"Kioshe kiatu hicho.
Isizidi."