Kiri, Bati

Kaunta ya baba tuliing'oa Jumatano,
mbao ya mfenesi, imekunywa mafuta ya taa miaka arubaini,
na msumari mmoja ukakataa kutoka.
Chini ya kichwa chake, sarafu.

Nilikuwa na miaka tisa, zamu yangu ya Magharibi,
chemni imeshika masizi upande mmoja.
Mgeni Shaame, kuli wa bandarini Wete,
alitaka kibiriti na sigara mbili za rejareja.
Akanipa thumuni. Thumuni niliijua kwa kidole gumba:
sungura na masikio yake.
Siku ile sikupapasa.

Asubuhi baba akaigeuza juani.
Hapana sungura. Shelisheli,
na majani yaliyopasuka kama vidole,
na upande wa pili, herufi: KIRIBATI.
"Lugha gani tena hii? Kiswahili, Kimanga, Kiribati?"
Kisha akanikazia macho, akalikata neno vipande viwili:
"Kiri, bati!"
Nikakiri mimi. Bati halikusema.

Akaipigilia pale pale mbele ya mizani,
kila anunuaye nusu ya sukari aione akili yangu.
Mama Shelisheli wakaniita, mpaka naolewa.
Mgeni aliapa: kapewa na baharia wa meli ya karafuu,
mtu mfupi, mcheshi, aliyemchorea kwao kwa mkaa
juu ya gunia. Mstari mmoja.
Maji huku, maji huku.
"Kisiwa hicho, au uzi?"

Leo mjukuu wangu Ilham ameichomoa kwa koleo.
Senti kumi, anasema. Simu imemwambia
nchi ipo, katikati ya bahari nyingine,
shelisheli wanakula kama sisi,
na chumvi inawaingilia mashimo ya magimbi.
Nikaliona bonde la mpunga la Ndagoni. Sikutamka.

"Inanunua nini, bibi?"
Nikafungua kopo la maziwa la marehemu:
ndururu za samaki, mbuni wa senti ishirini,
thumuni zilizochoka kuitwa fedha.
Zote pamoja hazipati kipande cha ubuyu.
Ya halali ya baba na ya uongo yangu
sasa zinalala kifua kwa kifua, bei moja.

Kabla sijaifunikia niliitia kinywani, kitoto:
kutu ya msumari,
na nyuma yake, kwa mbali, mafuta ya taa.

Usiku nimepika shelisheli kwa tui zito.
Ilham kaonja, kasema haikukolea chumvi.
Nikamwambia, iache hivyo.