Mimi Ndiye Maiti

Mimi ndiye yule maiti.
Ukinikuta sokoni Newala nachagua dagaa
usishtuke. Nimeshazoea watoto wanaokimbia
wameziba macho.

Filamu yetu ilipikwa kwa magunia mawili ya korosho
za Longino, zilizonyeshewa,
chama cha msingi kikazikataa kwa dharau.
Akaziuza usiku kwa kangomba,
kwa yule yule mnunuzi wa mizani ya wizi
ambaye filamu ilikuja kumuua.
Mimi ndiye niliyemwigiza.
Mwenyewe hakujua. Alitupunja kilo nne.

Fedha ikanunua kadi ya simu, betri moja,
nauli ya Mwanashuru kutoka Kitangari,
mchele,
na sukari ya damu.
Damu aliichemsha Bi Somoe jikoni kwake: rozela,
sukari nyingi, unga wa muhogo kidogo ishike.
Shadhili akafunga kinasa sauti kwenye ngoeko,
akakivika soksi ya mdogo wake, upepo usinong'one.

"Kufa ni rahisi," Longino aliniambia.
"Lala. Usipumue kwa tumbo."

Nikalala chini ya mkorosho.
Mwanashuru akanililia kilio kisicho cha mchezo,
alikuwa amefiwa Aprili ile,
nami nikaona aibu kuwa hai.
Rozela ikachuruzika shingoni.
Juu ya tawi majimoto wakapata habari.

Mnawajua majimoto. Bwana shamba alituonya
tusiwaue, wanalinda maua.
Wa kwanza kwenye kola. Wa pili sikioni.
Wa tatu alikuwa na akili: akapanda hadi kwenye kope.

Nikafumbua jicho. Moja. La kushoto.
Nikaitazama kamera
kama mdaiwa anavyomtazama mdai dirishani,
nikafumba.

"Tena!" akasema Longino.
Betri ikasema hapana.
Akiba ya jenereta tulishaila, na maharage.
Basi jicho likabaki.

Banda la Nampembe, mabati kumi na nane,
mabenchi ya kuazima kanisani, kiingilio mia tano.
Siku ya kwanza watu kumi na mmoja,
wanne wao ni ndugu zangu.
Nilikaa nyuma, kofia usoni, nikingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka.
Benchi zima liliruka. Mama mmoja alitoka mbio
bila kandambili, halafu akarudi,
akampa Somoe mia tano nyingine.

Kesho yake foleni ilipinda kona ya ghala.
Walisema: mwizi wa kilo udongo haumpokei.
Walisema: Longino fundi, ona alivyolificha lile jicho!
Longino akanyamaza,
hekima ya kwanza niliyowahi kuiona kwake.

Tandahimba wakaitaka. Nanyamba. Masasi mara sita kwa siku.
Mtwara mjini, usiku wa mechi kubwa,
banda moja lilizima mpira.
Somoe alihesabia noti kwenye ndoo ya lita ishirini,
ndoo ile ile tunayoipanga bombani tangu alfajiri.
Sikuwahi kuiona ikijaa upesi vile.

Mnunuzi naye alikuja, akakaa mbele.
Akatoka akisema, "Yule hafanani na mimi hata kidogo."

Kisha akaja bwana wa Dar es Salaam na mkataba.
"Gharama za utengenezaji?"
"Magunia mawili," akasema Longino.
Bwana akacheka, akidhani tunamficha.

Sasa tunapiga sehemu ya pili.
Kuna taa tano, kuna mtaalamu wa damu,
damu isiyo na sukari, haimvutii hata nzi.
Mkorosho umepuliziwa dawa.
"Fumbua!" Nafumbua.
"Siyo hivyo. Kama mara ya kwanza."
Hii ni ya kumi na saba.

Nalala tena, kope zikiwa nusu,
nalitazama lile tawi,
namngoja mwigizaji mmoja mwekundu
ambaye jina lake hatukuliandika popote.