Jibu Kwa

Saa nane usiku, Isevya. Umeme umerudi,
feni ya seva inakoroma kama mtu mwenye mafua,
nami nasoma vichwa vya barua za ushirika wa asali
mstari kwa mstari, kwa kidole, kama karani mgeni.

Kutoka: ofisi.
Kwenda: mnunuzi, mkaguzi, binti aliyeko Uvinza.
Jibu kwa:
hapo pameachwa weupe,
kama ukuta ulioondolewa picha.

Aliyeiondoa ni mimi.
Mvua zilipokwisha niliandika kanuni moja, fupi:
kila barua itokayo ivae anwani ya ofisi tu,
nadhifu, kama sare ya shule.
Nikaenda kunywa chai, nikajisifu.

Kumbe Bi Nyamizi, katibu, huwaandikia wasio na kompyuta.
Mzee Kapipi wa Sikonge anasema, yeye anachapa,
halafu pale kwenye jibu kwa anaweka anwani
ya mjukuu, ya mwalimu, ya duka la dawa,
popote ambapo neno likifika litapandishwa baiskeli
mpaka porini kwenye mizinga.

Majibu yalikuja. Seva yangu haikupoteza hata moja.
Yaliingia kwenye sanduku nililolibandika jina Usijibu,
na ufunguo sikumpa mtu.
Mia tatu na kumi na saba
yamesimama kama mabehewa kwenye reli ya pembeni pale stesheni,
hayajui ni ya Kigoma au ya Mwanza,
kichwa kimekatwa, kimeondoka.

Nafungua moja.
Baba, nimepata mtu. Bei nzuri. Usiuze, nakuja.
Tarehe tisa Julai.
Agosti Kapipi aliuza ndoo zote kwa bei ya kutupa,
akasema mbele ya mkutano kwamba hana tena binti.
Nilikuwepo. Nilikuwa natengeneza kipaza sauti.

Baba yangu alikuwa posta, dirisha la tatu.
Barua isiyo na S.L.P. ya mtumaji aliinusa:
tumbaku, basi ya Urambo;
dagaa, ya Kigoma;
na ikinuka moshi tu, aliiweka mfukoni
akaulizia sokoni hadi jioni.
Seva haina pua. Niliipa amri, ikatii.

Naifuta kanuni. Naandika nyingine, ndefu, mbaya kwa macho:
mstari ukiwepo, usiuguse.
Usipokuwepo, ndipo uweke wa ofisi.
Najaribu mara tatu. Mara ya pili inakataa,
nimesahau nukta.

Jogoo wa jirani, halafu adhana ya Ng'ambo,
halafu honi ya treni iliyochelewa tangu jana.
Barua ya mwisho naiandika mwenyewe.
Kutoka: fundi.
Kwenda: Bi Nyamizi, amsomee Mzee Kapipi polepole.
Jibu kwa:
vidole vinaanza kuchapa ofisi, navirudisha,
naweka jina langu,
na namba ya nyumba.