Bonde Lisilo na Majina

Jumamosi, saa mbili usiku, Kizota,
nyuma ya karakana ya Lungwa ya kuchomelea mageti,
tunasogeza mitungi ya gesi, tunatandika ramani:
mifuko minne ya saruji iliyopasuliwa, ikageuzwa,
na juu yake, kwa penseli na machicha ya kahawa,
ufalme wetu wa miaka mitano.
Ngome saba, mto mmoja, madeni ya mfalme,
msitu ambamo Sechelela amekufa mara mbili na kufufuka mara tatu,
hesabu ambayo hatujawahi kuielewa.

Mimi ni mchawi. Mama hajui.
Mchana ni mnadi wa mitumba, Sabasaba.
Kazi zote mbili ni mdomo.

Mbeleje ndiye anayeendesha mchezo.
Wiki nzima alikuwa na mtambo wa visima, ng'ambo ya Bahi,
karudi na vumbi jeupe kwenye kope
na kipande cha jiwe, mviringo kama mhogo,
kutoka mita mia moja na arobaini chini.
Hakusalimia. Akakilaza juu ya ufalme,
akachukua kisu, akatoboa ramani
pale tulipokuwa tumeandika *mwisho*.
"Humu," akasema, "hajaingia mtu."

Tukabisha, maana sisi ni watu wa kubisha.
Lungwa: mijusi mirefu kuliko mnara wa simu
itakaaje dunia moja na mfalme anayetoza ushuru wa chumvi?
Sechelela: wanakula nini, na kinyesi chao kinakwenda wapi?
Mimi: mifupa ya namna hiyo ilikuwa Tendaguru,
ikapanda meli kwenda Berlin, haijarudi.
"Ndiyo maana," akasema Mbeleje, "wa kwangu hawajafa."

Tukashuka.
Miti isiyojua maua. Matope yanayopumua.
Nyasi bado hazijabuniwa, kwa hiyo upepo
haukuwa na pa kupitishia sauti.
Kereng'ende mwenye mabawa mapana kama ungo.
Kisha akatoka yule:
shingo kwanza, shingo, tena shingo,
na mwisho kabisa, kama kitu alichokisahau nyumbani, mwili.

Nikainua fimbo. Nikatamka neno la moto,
neno ambalo halijawahi kunisaliti.
Dadu likaviringika, likatulia: ishirini kamili.
Lungwa akapiga meza.
Mbeleje akatikisa kichwa.
"Uchawi wako huviita vitu kwa majina.
Huku hakuna jina hata moja.
Moto haujui kuwa ni moto."

Ishirini kamili! Nikamwambia
huo si mchezo, ni dhuluma.
Akamenya karanga, akasubiri.

Mnyama akainama, akanusa kofia yangu, akaila.
Sechelela akacheka mpaka chai ikamwagika mtoni
na kuzamisha vijiji viwili.
"Mpe jina basi," Lungwa akaninong'oneza,
"ukimpa jina, wako."

Kweli. Huo ndio uliokuwa mwanya,
na Mbeleje alikuwa akinitazama
kama anavyotazama udongo unaotoka kisimani,
kama una unyevu.
Majina kumi yalikuwa ulimini tayari;
mimi huitia nguo bei kabla haijakunjuliwa.
Lakini nikamwona mfalme kule juu ya ukingo
akinoa kalamu.
Nikimwita leo, kesho ataandikiwa ushuru,
keshokutwa kamba,
halafu meli.

Nikaweka dadu chini.
"Nakaa," nikasema. "Nakaa tu, natazama."

Umeme ulikatika saa nne. Hatukuwasha tochi.
Tulibaki humo humo, wanne gizani,
kila mmoja akimsikia wake akitafuna.

Jumatatu, Sabasaba, nimepanda juu ya robota,
nimeinua koti la manyoya kutoka nchi ya baridi,
mikono yake mirefu hadi magotini pangu.
Watu wamejaa, wananingoja nitaje.
Mkono juu. Mdomo wazi.
Mama mmoja chini anauliza,
"Kaka, hiyo ni nini?"